Swali la Mama Fundi

Darasani Mama Fundi ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, na ndiye aliyekosea kuliko wote. Kila jioni akishafunika cherehani yake, alikwenda kusoma Kiarabu nyuma ya duka la vitabu, akabanana kwenye benchi na vijana wanaotafuta kazi ng'ambo. Maalim alikuwa na mtindo wake: *ana*, unajigusa kifua, *anta* au *anti*, unamgusa mwenzako, *huwa* au *hiya*, unakinyooshea kidole kiti kitupu, maana huyo hayupo. Hayo mawili ya mwisho aliyachanganya mpaka vijana wakamcheka.

"Yeye si ni yeye tu?" alilalamika. "Mambo ya kumtenga mwanamume kivyake na mwanamke kivyake ya nini?"

"Binti yako ni *hiya*, mama," Maalim alimwambia. "Haya, nyoosha kidole."

Hakunyoosha. Akionyeshe kiti kitupu na kumtaja mwanawe? Afadhali mkono ukatike.

Binti huyo, wa pekee, alikuwa mtumishi wa nyumbani huko mbali, na simu yake ilizimwa tangu kabla ya mvua. Wakala aliyempeleka alimpigia bosi wa binti mbele ya Mama Fundi, akaongea Kiarabu huku anacheka, kisha akasema, "Mzima wa afya, usijitie presha." Mzima gani asiyemsalimia mama yake? Roho yake ilikataa katakata. Namba ya bosi huyo akaichukua, lakini tangu siku hiyo hakutaka mtu wa kumsemea, hata Maalim alipojitolea. Angeuliza kwa mdomo wake mwenyewe.

Akakazana. Alipiga pasi akinong'ona, akapima viuno vya wateja akinong'ona, hadi swali likamkaa ulimini: mimi ni mama yake, yeye yuko wapi?

Basi akafunga mlango wa kibanda chake cha kushonea, akaipiga namba ile. Mwanamke akapokea. Mama Fundi akauliza neno kwa neno, bila kujikwaa, mpaka akajishangaa.

 Yule mwanamke akaanza kujibu, taratibu, kama mtu anayejua anaeleweka. Alisema mengi. Katikati akalia, akaendelea. Mama Fundi aliibana simu sikioni, akaambulia *hiya*, na *hiya* tena, mengine yote yakampita. Jamani, muda wote ule alikuwa amesomea swali. Jibu hakulisomea hata siku moja.

Mwanamke akamaliza, akamngoja.

"Shukran," akasema Mama Fundi, kwani ndilo neno lililomjia, na simu ikakatika.