Bakuli la Yurea

...na maji ndiyo hayo yanakuja, nayaona kule juu yanaingia mferejini, na mimi bado nimesimama na bakuli la yurea, mbolea ile nyeupe, kama mtu aliyetumwa chumvi akasahau nyumba, nimwage au nisimwage, haya ndiyo maji ya mwisho ya msimu, yakipita basi tena, na Batuli mke wangu yuko huko juu na jembe anayafungulia njia, akishuka ataliona bakuli, ataniangalia tu, afadhali angenitukana, na yote kayataka huyu Kondo, mtani wangu, shamba lake hili hapa ng'ambo ya tuta, tangu asubuhi ananipigia kelele, "Mtani! Vitunguu vyako vimefunga Ramadhani peke yao, vipe hata uji!" na kweli vya kwake ni vya kijani mpaka vinakuwa vyeusi, vyangu vimepauka, vingine vimeanza kulala, na mtani humkasirikii, ndiyo mila, akikutukana unacheka, basi nikacheka, kisha nikaenda kibandani kuchota yurea nimjibu, maana ulinichoma utani ule, jamani... shingo, Batuli kasema tuangalie shingo ya kitunguu, si majani, hata siku ya kununua mbegu kule Kitomanga nilishashika pakiti ya chotara, picha ya kitunguu kama kichwa cha mtoto, yeye akamuuliza muuzaji, "Hii ikivunwa inakaa?" yule akasema inazaa sana, "Sikuuliza kuzaa, baba, nimeuliza kukaa," mimi nikaona haya, lo, ulimi gani huu, tukarudi na hii nyekundu ya shingo nyembamba... kwa sababu mwaka jana bonde zima lilimwaga mbolea vitunguu vikishaanza kuvimba, sifa tupu, vikawa vikubwa kweli, lakini shingo nene hazikauki, vikaozea kichanjani, harufu mpaka msikitini, fedha ikakosekana, na harusi ya Warda, binti yetu, ikaahirishwa, akakunja kanga zake akazirudisha sandukuni, hilo ndilo lililoniuma... "Mtani, umeganda? Au bakuli zito?" ...nyamaza, Kondo, nainama, nashika kimoja, nabonyeza shingo, laini, imeanza kunywea, inataka kulala yenyewe, na chini tumbo limejaa, gumu, hiki hakina njaa, kimeshiba, kinataka kuachwa kikauke... na Batuli aliyajua haya toka mwanzo, yurea alivipa vingali vidogo, kidogo kidogo, kisha akasema basi, akafunga mfuko kwa fundo ambalo leo nimelifungua kwa meno, mwanamke huyu, wallahi nimeoa, wenzangu wameoa sura mimi nimeoa macho, na miaka yote hii sijamwambia, sijui nangoja nini... "Baba Warda! Maji yamefika huko?" ...yamefika, Mama Warda, yamefika, yananipita vidoleni, ya baridi, matamu, na bakuli nimelikumbatia kifuani isidondoke hata punje, "Mimina basi, mtani, vinakufa hivyo!" na mimi nacheka, safari hii nacheka kweli, "Viache vifunge, mtani! Vitafuturu harusini kwa Warda!" naye Kondo anacheka mpaka anakaa chini, na maji yanazidi kupita, na mimi nimesimama palepale na bakuli langu limejaa vilevile, namngoja Batuli ashuke alione.