Maji ya Udhu na Vijiti vya Mtini

Mume wangu Mselem alifariki mwanzoni mwa Juni, kwenye meza yake ya biashara Marshalltown, akimpimia mteja mkanda. Watu wa msikitini wakamwosha, wakamswalia, wakamzika siku ile ile. Mimi nikaanza kukaa eda, miezi minne na siku kumi, katika nyumba yetu ya kupanga Mayfair. Waliokuja kunipa pole walinisifu kwa subira. Haikuwa subira. Nilikufa ganzi, basi, hata chai nilikunywa bila kujua kama ina sukari.

Wiki ya tano mwenye nyumba akatuma taarifa kwamba anajenga vyumba uani, na mtini uliopo utakatwa. Mtini huo aliupanda Mselem mwaka tuliohamia huku kusini mwa Afrika kutoka Tanga. Taarifa niliisikia kama inamhusu mtu mwingine. Ila jambo moja nililijua vizuri: mti ule ukienda, Mselem hatakuwa ameacha kitu chochote chenye uhai. Watoto hatukujaliwa.

Nikamwita jirani yangu, dada Hedwiga. Huyu ni mwanamke wa Bukoba aliyeolewa na mpigania uhuru wa huku aliyekuwa amekimbilia kwetu, wakaja pamoja mumewe aliporudi kwao. Anafanya kazi kwenye kitalu cha miche Midrand. Kwa baridi ile mtini haukuwa na jani hata moja, na akasema huo ndio wakati hasa wa kuukata vijiti vya kuotesha. Akakata vijiti sita vya unene wa kidole, urefu wa shibiri, akavichomeka kwenye vikombe vya plastiki vinavyoonyesha ndani, vyenye mchanga, vifundo viwili vikiwa mchangani na kimoja juu. Akavipanga juu ya friji penye joto. Akanisisitizia nivipe maji kidogo tu, nami nikaitikia.

Sasa, kidogo ni kiasi gani? Mselem hakuwahi kumwaga ovyo maji yanayobaki kwenye kopo la udhu. Aliyapeleka kwenye mtini, mara tano kwa siku, na mtini ukazaa tini za kugawia mtaa mzima. Nikafanya vivyo hivyo. Kila nikimaliza kutawadha, yaliyobaki nikayagawa kwenye vikombe sita. Nakiri kwamba katika siku zile hiyo ndiyo kazi pekee niliyoifanya kwa moyo.

Katikati ya Agosti vijiti vikatoa majani. Wiki hiyo hiyo mafundi wakaja kuukata mtini. Nilisikiliza msumeno huku nakunja nguo, wala sikulia. Nilie nini, na vijiti vyangu sita ni vya kijani? Siku chache baadaye majani yakaanza kulegea. Nikaona vina kiu, nikaongeza maji.

Jumapili dada Hedwiga akapita akitoka kanisani. Alivuta kijiti kimoja, kikatoka bila ubishi, cheusi upande wa chini na kinanuka. Cha pili vilevile. Hakunigombeza, na hilo likaniudhi zaidi.

"Haya majani yametoka kwenye akiba ya kijiti chenyewe, mdogo wangu," alisema. "Chini hakuna mzizi hata mmoja. Eish, umevizamisha."

Nikamweleza kuhusu maji ya udhu. Akasema kwamba mti ulioko ardhini una mizizi ya kuyanywa, lakini hivi vilikuwa bado havina. Vitano tukavitupa. Cha sita kilikuwa kigumu bado. Akakata sehemu iliyooza mpaka akafika palipo pazima, akakichomeka kwenye mchanga mpya wenye unyevu kidogo, akaniambia nisitie hata tone mpaka yeye mwenyewe aseme.

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Mara tano kwa siku nilimwaga maji ya udhu kwenye sinki, na kila mara niliona namvunjia Mselem heshima. Niliwahi kusimama mbele ya friji na kopo mkononi, nikarudi nyuma. Dada Hedwiga alikuja kila Jumapili, akagusa mchanga, akatia kijiko kimoja au akaacha. Kijiti hakikutoa jani. Sikujua kama kiko hai, na sikumwuliza, maana niliogopa jibu.

Siku chache kabla ya eda kwisha, baada ya swala ya adhuhuri, nilikigeuza kikombe upande wa dirishani. Ndani, ukiwa umeng'ang'ania plastiki, palikuwa na mzizi mweupe, urefu wa ukucha. Nikauangalia mara mbili. Ulikuwa mzizi kweli.

"Mselem," nikaita, "njoo uone, kimeshika."

Nikanyamaza kumpa muda wa kuvaa ndara. Nilisimama vile, kikombe mkononi, macho mlangoni, nikisikiliza hatua zake. Mlango haukufunguka. Ndipo nilipojua kwamba mume wangu amekufa. Nikakaa chini pale pale jikoni, nikakishika kikombe kwa mikono miwili, nikalia kwa sauti kubwa mpaka dada Hedwiga akasikia kwake, akaja mbio.