Mayai Sitini na Mawili ya Walburga

Mke wangu Walburga alikufa siku ya kumi na tatu ya mayai. Nahesabu hivyo kwa sababu ndivyo alivyokuwa akihesabu yeye. Mayai yakishaingia kwenye mashine, kalenda ya ukutani ilikuwa haina kazi nyumbani kwetu mpaka siku ya ishirini na moja.

Mashine ya kutotolesha aliiunda mwenyewe, hapahapa mtaani kwetu Mfaranyaki, Songea. Kasha lake ni friji bovu ambalo fundi alikuwa analitupa. Feni ilitoka kwenye kompyuta iliyokufa, na joto lilitoka kwenye balbu mbili za kizamani, zile zenye waya ndani, ambazo ukizigusa zinakuunguza. Mimi nililiita dude. Nilimwambia uhai hautengenezwi kwa vyuma chakavu. Akajibu bila kuinua kichwa, "Sitengenezi uhai, Leonce. Natengeneza joto."

Mara ya kwanza walitoka vifaranga kumi na mmoja tu kati ya thelathini. Nilikuwapo alipofungua mlango, na sikupenda nilichokiona. Walikuwa wamelowa, shingo nyembamba, wanalia kumwita mama ambaye hakuwahi kuwapo. Mmoja mguu wake ulikuwa umegeukia nyuma. Nilitoka nje nikaenda kukaa kwa kinyozi mpaka jioni. Niliporudi, yule wa mguu alikuwa amelala ndani ya blauzi ya Walburga. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba mtu asiye na nia ya kukaa, asiwashe.

Ugonjwa wake ulikuwa wa siku nne, sitauandika hapa. Nitaandika kwamba siku ya mwisho, kitandani hospitalini, aliniuliza kama nimegeuza mayai. Nikamdanganya kwamba nimegeuza. Kisha nikapanda bodaboda, nikaja nyumbani nikageuza yote sitini na mawili. Kila yai alikuwa amelichora kwa penseli, upande mmoja alama ya kuzidisha, upande wa pili duara, ili ajue lililogeuzwa. Nilipofika tena hospitalini alikuwa ameshaondoka.

Tulimzika siku ya kumi na tano. Viti vilitolewa, mikeka ikatandikwa sebuleni kwa ajili ya wanawake, sisi wanaume tukakaa nje kwenye moto, maana Songea mwezi wa saba ni baridi hata jua likiwaka. Mashine ilikuwa pembeni mwa sebule ileile, nzito, haikuweza kuhamishwa. Mfiwa kwetu hafanyi kazi. Anakaa, analetewa uji, anapokea pole. Lakini mimi mara tatu kwa siku nilinyanyuka, nikabisha hodi, nikapita katikati ya wanawake walioketi, nikafungua friji na kuanza kugeuza mayai. Maombi yalikuwa yanapungua sauti kila nikipita. Nilijua wananitazama.

Dada yake mkubwa, Devota, aliyetoka Peramiho, ndiye aliyenifuata. Alinikuta karibu na tangi la maji, akasema kwa upole kwamba nyumba ya msiba haikai na kitu kinachonguruma, na kwamba kina mama wanasema mume wa marehemu anashughulika na kuku kuliko na huzuni.

"Shemeji, lizime," alisema. "Aliyeliwasha hayupo. Nani atakuwa mama yao?"

Nilimwomba anivumilie mpaka siku ya ishirini na moja. Nilimwambia sijawahi kumaliza kitu hata kimoja alichokianzisha Walburga. Shamba la soya niliacha, kwaya niliacha. Hiki sitaki kiniponyoke. Devota aliangalia chini, akasema basi tumalize matanga kwanza, tutaongea.

Matanga yaliisha siku ya kumi na saba. Kwaya ya jumuiya ilikuja asubuhi na spika mpya, na mwenyekiti, Mzee Pankrasi, akatafuta mahali pa kuchomeka waya. Sebule yetu ina tundu moja la umeme. Akachomoa kilichokuwapo, akachomeka spika, na wakaimba vizuri sana. Mimi mwenyewe niliimba. Sikumbuki kuwaza kitu kingine zaidi ya sauti ya Walburga kukosekana katika sauti ya pili ya kwaya.

Saa nane nilipoingia kugeuza, mashine ilikuwa kimya. Mayai yalikuwa ya baridi mkononi kama mawe ya mtoni. Nikachomoa spika katikati ya wimbo, nikachomeka mashine, balbu moja ikawaka na kupasuka papo hapo, na ya pili ikafuata. Kwaya ikanyamaza. Nilikaa sakafuni mbele ya wanawake wote nikalia, kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Mzee Pankrasi alisimama na waya mkononi. "Mimi nilidhani ni friji," alisema. "Nikasema, nyama haiwezi kuharibika kwa nyimbo sita."

Mtu mmoja akacheka, kisha akajiziba mdomo. Mzee hakungoja kuambiwa. Alikwenda kutafuta balbu. Shida ni kwamba madukani siku hizi zimejaa za kubana umeme, zinatoa mwanga bila joto.

Ni jirani yetu Zuhura, mwenyeji wa Tunduru, aliyefungua mlango wa friji. Mayai yale yalitoka kwa kuku wake. Alichukua matano, akayaingiza kifuani chini ya khanga, akakaa tena mkekani. Akachukua jingine, akalibana kwenye taa ya simu yake huku amelifunika kwa kiganja, akamwita Devota aje aone. Ndani ya yai palikuwa na kivuli cheusi chenye mishipa. Tulisubiri. Kivuli kikajivuta kidogo, kama mtu anayegeuka usingizini.

Devota alitazama muda mrefu. Kisha akakaa, akafungua sweta lake, akasema, "Nipe kumi. Mimi ni mnene."

Baada ya hapo hakuna aliyebaki bila yai. Wanawake kumi na wanne waliketi wima wakisali rozari huku wameshika vifua na matumbo yao, hakuna aliyethubutu kupiga magoti. Mmoja alipiga chafya, wote wakamgeukia. Devota aliniamuru nikae nami, akanipa mawili, nikayaweka chini ya shati. Ndivyo tulivyomaliza matanga ya mke wangu. Najua angetucheka mpaka machozi.

Balbu zilipatikana saa kumi na nusu, kwa mfugaji wa nguruwe wa Mjimwema. Mzee Pankrasi alimkuta anawapashia watoto wa nguruwe joto kwa balbu zilezile za kizamani, akamwomba mpaka akakubali. Mayai yakarudi ndani, yenye jasho la watu.

Devota alitakiwa kurudi Peramiho kesho yake. Hakurudi. Alijifunza kuongeza maji kwenye bakuli na kusoma kipimajoto, na alikuwa ananiamsha alfajiri kabla sijaamka mwenyewe. Siku ya ishirini na moja ikapita bila kitu. Siku ya ishirini na mbili, saa tatu asubuhi, tulisikia kugonga.

Walitoka thelathini na tisa. Nilivuta kigoda nikakaa mbele ya mlango uleule, nikawatazama wakitoka, wamelowa, wabaya, miguu mikubwa kuliko miili. Mmoja jicho moja halikufunguka. Walipoanza kulia nikaweka mkono ndani, wakausogelea wote, wakapanda juu ya vidole, wakanyamaza.

Jioni wale wanawake walikuja mmojammoja, kila mtu akidai ameleta macho tu. Baadaye wakaanza kubishana. Zuhura alisema wale weusi ni wa kifua chake, anawajua. Mwingine alisema wa jicho moja lazima ni wa aliyepiga chafya. Devota aliwaambia hakuna atakayeondoka na kifaranga kabla hajaota manyoya, na mwenye haraka akakae juu ya mayai yake mwenyewe.

Mimi nilikuwa sakafuni natandika maranda ya mbao ndani ya boksi la vifaranga. Waliponisikia nikitembea kwenda kuchukua maji, wote thelathini na tisa waligeuka na kunifuata mpaka ukingoni mwa boksi. Nikarudi kuwaambia naenda bombani tu.