Tairi Baada ya Nyuzi Nane

Tairi hushika lami kwa kuteleza kidogo. Dereva akikata kona, tairi huelekea huku na gari likaenda kule. Tofauti hiyo ikifika nyuzi nane za pembe, mshiko uko kileleni. Ikizidi, mshiko unaporomoka. Kwenye mashine ya vipimo, tairi letu lilipoteza theluthi ya mshiko wake. Kwenye mchezo wetu wa kompyuta linapoteza sehemu moja ya ishirini. Namba hiyo niliilainisha mimi, miaka sita iliyopita, wachezaji walipolalamika kwamba gari linawazungukia kwenye kona. Sikuandika popote.

Océane Thibodeau huendesha magari ya kweli. Viwanja vya mbio vya Quebec hulala chini ya theluji hadi mwisho wa Aprili, kwa hiyo tangu Novemba amefanya mazoezi ofisini kwetu, kwenye kiti chenye usukani kilichounganishwa na mchezo huo. Jumamosi angeingia uwanjani na gari lenyewe. Ijumaa kocha wake alitaka karatasi yangu: katika mizunguko ishirini, amegonga ukuta mara ngapi? Zaidi ya mara moja, gari anapewa mwingine.

Jumatano mkia wa gari ulimtoka kona ya tano. Akaurudisha, akacheka.

"Umeona hiyo, Ghislain? Kona hii naiendesha nimelala!"

"Umefika nyuzi kumi na moja."

"Si nimeikamata? Acha wivu."

Nilikwenda kwa Yolande, bosi wetu, nikamweleza.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi yabaki hapo. Rekodi za wachezaji laki mbili zimesimama juu ya tairi hilo. Ukiligusa, zote zinakufa. Na mkataba wa siri umesaini, mzee."

"Na Océane?"

"Océane ana kocha."

Nilirudi nikaweka namba ya kweli, kwenye kompyuta ya Océane peke yake. Kona ya tano, ukuta. Akarudia, ukuta. Mara ya saba akavua kofia.

"Umefanya nini?"

"Nimeweka tairi lilivyopimwa."

"Na lile la miezi mitano?"

Nikamwambia.

"We bwana! Mizunguko elfu mbili na mia saba! Mikono yangu yote umeifundisha uongo." Akavaa kofia tena. "Usilirudishe lile. Funga mlango."

Siku mbili hakutoka ila kunywa kahawa. Kila gari lilipopita nyuzi nane, mikono yake ilisubiri mkia urudi. Haukurudi. Ijumaa mchana, katika mizunguko ishirini ya mwisho, aligonga ukuta mara nne.

"Andika sifuri," alisema.

"Ni nne."

"Miezi mitano umenidanganya bure, sikukuomba. Leo nakuomba mara moja tu, Ghislain. Mara moja."

"Ukuta wa kule ni wa zege."

"Najua ukuta ni wa nini!"

Niliandika nne, nikatuma. Alivua glavu, akaziacha juu ya usukani, akatoka bila kuaga.

Jumatatu alikuja dereva wa timu nyingine. Yolande alikuwa amesharudisha namba ya zamani, na ruhusa yangu ya kuigusa ameifuta. Nilisimama nyuma ya kiti. Kijana akaingia kona ya tano, mkia ukamtoka hadi nyuzi kumi na moja, akaurudisha.

"Umeona hiyo?" akaniuliza, akicheka.