Karatasi ya Ukosi

Fundi cherehani Bulaimu alikuwa na kosa moja tu katika mji wa Kasongo: watu walimpenda. Hakuwa amelitafuta pendo hilo. Alikaa barazani kwake akishona kanzu za Waislamu na makoti ya makarani, asubuhi akawasomesha watoto wa mtaa Kurani uani, na mwalimu mzee alipofariki watu wakamchagua yeye awaongoze kwenye dhikiri. Aliyekuwa amekikodolea macho cheo hicho ni Kasimu, msomi kuliko wote kwa kujiona kwake mwenyewe, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasomea Wabelgiji ofisini barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kasimu alimpa Bulaimu mkono wa pongezi mbele ya watu, akala pilau yake, akarudi nyumbani na wivu wake.

Bulaimu alikuwa na mke, Mwanvua, na aliyetiwa moto katika mambo haya ni huyo mke. Binti yao wa pekee, Faida, alikuwa amekwisha kuolewa huko Wamaza, upande wa Kabambare. Kila baada ya miezi miwili Bulaimu alifunga nguo juu ya baiskeli, akaenda kuziuza Kabambare na kumjulia hali binti yake, na hakurudi kabla ya siku kumi. Mume mwema, hilo hakuna wa kulipinga. Lakini alikuwa bahili wa maneno. Angeweza kula, kunawa, kushona koti zima na kulala bila kumwambia mkewe neno zaidi ya kuomba maji.

Ndipo akaja Grégoire, karani mpya, mtu wa misheni, kuagiza koti la kaki. Alipokuwa akipimwa mabega alimsikia Mwanvua akiimba uani, na mke huyo alipoingia barazani na chai karani akamwambia, "Mama, unaimbaka muzuri. Juu ya nini umenyamaza?" Kwa miaka kumi na minane hakuna aliyekuwa amemwambia Mwanvua kwamba anaimba. Kwa neno hilo tu akaanguka mzima mzima. Tumcheke? Na tumcheke, ila wapo walioanguka kwa dogo kuliko hilo.

Walikutana mara mbili, Bulaimu akiwa safarini, saa za alasiri ambapo majirani walikuwa wamesukumwa kwenye mashamba ya pamba ya serikali. Kisha koti likawa tayari. Bulaimu, akijiandaa tena kwa safari, akamtuma mkewe alipeleke ofisini. Mwanvua alitaka kumjulisha Grégoire siku, lakini pale kwenye baraza ya ofisi, mbele ya polisi na watu wa kodi, angesemaje? Akaokota sakafuni kipande cha karatasi ya kahawia, kile ambacho mumewe alikitumia kukatia ukosi wa koti lile lile, chenye upinde upande mmoja. Akaandika: "Alhamisi atakuwa njiani kwenda Kabambare. Njoo baada ya alasiri, mlango wa uani utakuwa wazi. Nimekukumbuka." Akakikunja, akakitia katika mfuko wa koti. Mkono wake ulikuwa mzuri. Bulaimu ndiye aliyemfundisha kuandika, mwaka wa kwanza wa ndoa, akiushika mkono wake juu ya ubao na kuuongoza herufi kwa herufi. Labda hayo ndiyo mahaba yote aliyoyajua.

Na hapo ndipo Mwanvua alipojipalia makaa. Nyumbani kwao na mtaani kwao, kusoma kulikuwa ni kusoma: mtu anayejua, anajua. Mtu anayeshinda na kalamu mbele ya Mzungu angeshindwaje na mistari mitatu ambayo watoto wa uani kwake wangeisoma wakikimbia? Haikumpitia akilini hata kidogo kwamba misheni walimfundisha Grégoire herufi nyingine, na kwamba hizi za Kiarabu kwake ni nyayo za kuku. Grégoire naye aliona haya kusema. Alhamisi ilifika, mlango wa uani ukabaki wazi hadi magharibi, na hakuna aliyeingia.

Jumamosi Mwanvua alimwona karani sokoni, akajifanya anachagua samaki karibu naye.

"Juu ya nini hukukuja?"

"Nikuje wapi?"

"Karatasi ndani ya mufuko!"

"Ah, ile?" Grégoire akacheka. "Nilimupa Kasimu anisomee. Sikusema imetoka kwako, nilisema nimeiokota tu. Akasema, 'Iko dua muzuri. Nitaichunga mimi.' Kumbe haiko dua?"

Mwanvua akapiga hesabu. Karatasi ya fundi, mwandiko wa mwanamke, na safari ya Kabambare. Wanawake waliojua kuandika katika mtaa ule walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kati yao mwenye mume fundi cherehani alikuwa mmoja tu. Aliwaacha samaki, akaenda zake bila kuaga.

Siku ya pili yake Kasimu akapiga hodi, mchana kweupe, na tasbihi mkononi. Akakaribishwa mkeka, akakaa.

"Mama Faida, bwana amefika Kabambare salama?"

"Sijapata habari, Bwana Kasimu."

"Alhamisi alikuwa njiani. Nimesoma mahali." Akaivuta tasbihi punje mbili tatu. "Usitetemeke. Sitaki franga yako, wala sitaki mwili yako, mimi mutu wa dini. Ndani ya sanduku ya bwana yako iko ijaza yake, karatasi ya muhuri ilitoka Ujiji. Uniletee. Nami nitakurudishia yako, tunamaliza."

"Utaifanya nini?"

"Nitaichoma. Mutu hana ijaza, hawezi kuongoza dhikiri. Atashona nguo zake tu. Iko ubaya gani?"

Ijaza ile ndiyo iliyompa Bulaimu ruhusa ya kuongoza, kutoka kwa masheikh wa ng'ambo ya ziwa. Mwanvua aliyapima mambo usiku na mchana. Upande huu, mumewe apoteze cheo ambacho hakukiomba. Upande ule, yeye apewe talaka mbele ya mtaa mzima, na Faida asimangwe na wakwe zake mpaka kufa. Akajiambia kwamba cheo si mtu. Akajiambia tena na tena, kama mtu anayesugua doa, na siku ya tatu akafungua sanduku akaipeleka. Kasimu akaitia ndani ya kanzu yake.

"Na yangu?"

"Nimeisahau nyumbani. Kesho."

Kesho ikazaa kesho nyingine. Bulaimu akarudi na chupa ya asali kutoka kwa Faida, akasema, "Mutoto anakusalimu," akakaa kwenye mashine yake. Asubuhi iliyofuata polisi wawili wakamchukua, na Mwanvua akawafuata nyuma bila viatu.

Kasimu hakuwa amechoma kitu. Siku hizo serikali iliogopa karatasi zilizotoka ng'ambo ya ziwa kuliko ilivyoogopa bunduki, na yeye aliiweka ile ya muhuri mezani kwa Bwana Mkubwa, mtawala wa Kibelgiji. Bwana Mkubwa mwenyewe alikuwa mgeni, mwezi wake wa tatu tangu kutoka Ulaya, na Kiswahili chake hakikuvuka "leta" na "upesi". Basi mambo yalikwenda hivi: Kasimu anasoma maandishi kwa Kiswahili, na karani anayageuza Kifaransa. Karani ni Grégoire. Alikuwa amevaa koti lake la kaki.

Kwa ijaza Bulaimu alipewa miezi miwili ya gereza, na chuo chake cha watoto kufungwa. Mwanvua, mlangoni, akashusha pumzi. Miezi miwili itapita, alifikiri, nitampelekea chakula kila siku, nitatubu.

"Bwana Mukubwa, iko ingine," akasema Kasimu.

Akatoa kipande cha karatasi ya kahawia chenye upinde upande mmoja.

Mwanvua alikitambua kabla hakijakunjuliwa. Grégoire pia alikitambua, maana kalamu ilimponyoka. Kasimu akakishika kwa mikono miwili na kusoma kwa sauti ya msikitini: "Ndugu zangu wa Kabambare na Wamaza. Mwaka huu musipande pamba ya Muzungu. Mukae tayari, watu wetu wa Ujiji watavuka ziwa." Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililokuwa pale. Grégoire akageuza yote Kifaransa, neno kwa neno, bila kuinua macho. Uso wa Bwana Mkubwa ukawa mwekundu. Kila mtu pale alijua adhabu ya maneno kama hayo: kuhamishwa mbali, miaka isiyosemwa mwisho wake.

Mwanvua alijua kwamba ni lazima aseme. Neno lilikuwa mdomoni: ni yangu, ni barua ya hawara. Alimtazama mumewe, akaona mgongo wake ulivyonyooka, mgongo wa mtu asiye na hatia, akaona haya. Kupepesa macho mara tatu tu, si zaidi, alikaa kimya. Mara tatu hizo atazilipia maisha yake yote.

Bwana Mkubwa akaashiria mshitakiwa aonyeshwe karatasi, aseme kama ni yake.

Bulaimu akaipokea. Akaisoma polepole, akarudia. Akapitisha kidole kwenye ule upinde, kama anavyofanya fundi anapokagua ukosi. Kisha akainua macho, akautazama ukosi wa koti la karani, akautazama muda mrefu. Hakugeuka nyuma kumwangalia mkewe.

"Iko yangu," alisema. "Niliandika mimi."

"Hapana!" Mwanvua akapenya katikati ya polisi. "Niliandika mimi! Kasimu anasema bongo, uongo mutupu! Nilimwandikia huyu karani, nilimwita kwangu! Grégoire, mwambie Muzungu! Mwambie!"

Bwana Mkubwa akamuuliza karani mwanamke anasema nini. Grégoire alisimama, akafunga kifungo cha koti, akafungua, akafunga tena. Akajibu kwa Kifaransa, kwa maneno machache. Polisi mmoja aliyejua Kifaransa kidogo alimwambia Mwanvua baadaye: karani alisema, "Anamlilia mume wake."

Walimpandisha Bulaimu katika kamio, lori la serikali, siku ya tatu, apelekwe Kindu, na kutoka Kindu kwa meli mpaka huko wanakojua wao. Mwanvua alileta wali na kuku kwenye bakuli lililofunikwa. Bulaimu hakulifunua. Akamtazama, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alikuwa na maneno.

"Wangesoma kweli mbele ya watu, Faida angerudishwa kwetu na aibu. Ndiyo sababu." Kamio likanguruma. "Mukono yako iko muzuri, Mwanvua. Nilikufundisha vizuri."

Hakumtukana. Heri angemtukana.

Miezi sita baadaye, baada ya kuliwa na majuto mpaka akabaki mifupa, Mwanvua aliketi barazani karibu na mashine iliyofunikwa na kuandika barua. Hakujitetea. Alimwomba msamaha mumewe, akamweleza kila kitu tangu siku ya koti. Barua za kwenda kwa waliohamishwa zilipitia ofisini, hakukuwa na njia nyingine, na zile za herufi za Kiarabu zilikuwa na mtu wake wa kuzisoma. Hilo alilijua, lakini alipiga moyo konde akaenda.

Kasimu sasa aliongoza dhikiri, na watu walimwita Mwalimu. Akaifungua barua, akaisoma yote mbele yake bila haraka, akifika chini akarudi juu. Kisha akaikunja, akaitia ndani ya kanzu.

"Iko dua muzuri, Mama Faida," alisema. "Nitaichunga mimi."