Piko kwenye Vidole vya Shangazi

Kwa heshima na taadhima, nautangazia ulimwengu kwamba mimi, Liban Warsame, mwanafunzi wa bweni kule Jijiga niliyekuja likizo, nimeishinda mashine ya vidole. Mashine yenyewe haina habari. Aliyeshindwa ni shangazi yangu, Awrala.

Hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dolo huli mpaka mashine ikutambue. Unaweka kidole kwenye kioo; taa ikiwa kijani unapata mtama na mafuta, ikiwa nyekundu unarudi na gunia tupu. Nyumba yetu iliandikisha vidole vya watu wawili: vya shangazi, na vyangu vya akiba.

Juzi kulikuwa na arusi kwa jirani. Shangazi akanipa mikono nimpake hina. Nikaichanganya na piko, ile rangi nyeusi kali ya nywele, nikamjaza ncha zote za vidole. Nia yangu ilikuwa tukufu: weusi uzibe alama za vidole, mashine imkatae mbele za watu, nicheke kidogo, kisha nijitokeze na kidole changu kama shujaa.

"Mbona inawasha, wewe?"

"Urembo huo, shangazi. Vumilia, utaolewa tena."

"Nenda huko! Anioe nani, mbuzi?" Akacheka, akavumilia.

Leo asubuhi ncha zilikuwa na malengelenge, ngozi inabanduka. Akakandamiza kioo, machozi yakimlenga. Nyekundu. Akabadilisha kidole. Nyekundu.

"Bibi arusi, rudi kwa mumeo!" foleni ikamzomea. Niliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi.

Girma, karani wa mashine, hakucheka. "Mama, havisomeki. Mwezi huu hupati."

"Mwanangu, nina wajukuu. Jana wamelala na chai tupu."

"Nani mwingine ameandikishwa?"

Nikapita mbele, kifua nje. Vidole vyangu navyo viliwasha tangu jana, lakini shujaa hajikuni. Nikabonyeza. Nyekundu. Piko nilikuwa nimelikoroga kwa mikono mitupu.

Girma akailaza mikono yangu mezani, kando ya ile ya shangazi. Weusi ule ule, malengelenge yale yale.

"Nani kampaka huyu mama?"

Shangazi akaniwahi. "Nimejipaka mwenyewe."

"Basi tunakufuta kabisa kwenye orodha. Wanaojiunguza vidole ni wale wanaotaka kuandikishwa mara mbili."

 Shangazi alikuwa anakunja gunia, polepole, kwa viganja, asiliguse kwa ncha.

"Ni mimi," nikasema. "Yeye alidhani ni hina. Nilitaka watu wacheke."