Beji ya Waimbaji Yenye Herufi H

Kwa miaka ishirini na miwili, beji kongwe kuliko zote za waimbaji wa bonde la Erlbach ilikuwa ya Ottokar Wieshofer, na usidhani alikuwa mtu wa kukuacha usahau. Kila Alhamisi alasiri, chama cha wakusanya beji wa mji wa Graz kilipokutana chumba cha nyuma cha mkahawa, ile yake ya mwaka 1904 ilikaa katikati ya meza, na wengine wakapanga za kwao pembeni. Tena yeye ndiye aliyekuwa mpimaji wa umri wa beji. Akisema ni ya mwaka fulani, basi ni ya mwaka huo, hakuna mjadala.

Halafu akaja Roswitha Prantl. Mjane wa miaka themanini, ana miezi minne tu chamani, hajui chapa za mafundi wala aina za pini, lakini ana mkono wa bahati mpaka unakera. Leo anaokota beji ya wapanda milima, kesho ya maonyesho ya ng'ombe, zote safi, rangi haijabanduka. Ottokar alimchekea kwa meno tu, rohoni anaungua.

Alhamisi hiyo bibi alimwekea beji mkononi. "Bwana Mhandisi, hebu nitazamie hii. Nimeikuta kwenye gulio la kanisa, ndani ya kopo la vifungo."

Ottokar alistaafu uhandisi wa reli zamani, lakini Graz cheo hakistaafu. Akatia lenzi jichoni. Kinubi, majani ya mwaloni, mwaka haukuandikwa. Herufi zilikuwa ndogo, bila lenzi huzioni: Erlbachthal. Moyo ukampiga paa! Zamani, neno la Kijerumani la "bonde" waliliandika thal, lina h. Mwaka 1901 wakubwa wa lugha wakaifuta hiyo h, na tangu hapo ni tal tu, kama ilivyo kwenye beji yake mwenyewe. Hii ya bibi imeizidi umri yake.

Jamani! Miaka yote hiyo amehangaika mpaka Linz na Salzburg, amebembeleza wajane, amekunywa chai za watu asizozitaka, na huyu anachokonoa kopo la vifungo tu?

"Mpya hii," akasema. "Ukumbusho wa mwaka 1932. Zilitolewa chungu nzima."

Alitaka kuona uso wa bibi unavyosawijika. Badala yake Roswitha akashika kifua.

"1932? Una hakika?"

"Unaniuliza mimi?"

"Baba yangu aliimba nao mwaka huo! Sauti ya chini kabisa. Aliuawa vitani mimi sijatimiza hata mwezi, na sina kitu chake hata kimoja." Akaibandika kwenye koti, machozi yanamtiririka. "Huenda ni yake. Kwa nini isiwe yake?"

Watu wote wakamzunguka. Gernot Zach, mwenyekiti, mfamasia wa zamani mwenye mdomo, akamwagizia keki ya strudeli na kahawa ya maziwa. Ile ya 1904 ikabaki peke yake mezani, hakuna hata wa kuitupia jicho. Ottokar alidanganya ili ampunguzie bibi, kumbe amemwongezea! Hasira zikampanda mpaka masikioni.

"Mbona umenuna, Otto?" Gernot akamchokoza. "Mwenye wivu ajinyonge!"

"Wivu wa nini? Wa kibeji cha 1932?"

"Basi mwandikie kadi yake, tumalize."

Kila beji chamani ina kadi. Maandishi yananakiliwa herufi kwa herufi, hurekebishi kitu, hata fundi awe amekosea. Ni kanuni aliyoiweka Ottokar mwenyewe na kuwagombeza watu kwayo miaka nenda rudi. Akaandika kwa chuki, haraka haraka, mkono ukifuata mazoea, akaisukuma kadi upande wa pili.

Gernot akaisoma, akairudia.

"Otto. Mwaka 1932, na h?"

Vichwa vyote vikageuka. Pale, hata aliyejiunga jana aliijua hiyo h.

"Fundi alikosea," Ottokar akasema.

Gernot akachukua lenzi, akainama kwenye koti la Roswitha, akatazama kwa muda mrefu. "Fundi hakukosea. Bi Roswitha, hii ndiyo kongwe kuliko zote tulizonazo. Na huyu bwana ameliona hilo kabla yetu."

"Kwa hiyo si ya baba," Roswitha akasema.

"Wakati wa baba yako zilishaandikwa bila h, mama. Pole."

Roswitha akaichomoa pini taratibu, akamgeukia Ottokar.

"Ulikuwa unaitaka?"

Ottokar akaikodolea macho ile beji.

"Ungesema tu, ningekupa. Mimi nakuja hapa kutafuta watu wa kuongea nao, beji zenyewe sina haja nazo." Akaiweka mbele yake. "Umenipa baba kwa nusu saa, Bwana Mhandisi. Chukua basi."

Akavaa skafu, akaelekea mlangoni, strudeli ameiacha nusu. Ottokar aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka macho yakamwasha. Alijua anatakiwa kuinuka amkimbilie.

"Otto," Gernot akasema kwa sauti ya chini. "Usithubutu kuigusa."

Mlango ulikuwa haujafungwa bado, na kiganja cha Ottokar kilikwisha kuifunika ile beji.